Kolajeni ya samaki: kidonda kwanza, urembo baadaye

Siku hizi huhitaji kuhangaika ili uikute kolajeni. Ipo kwenye maduka ya vipodozi ya Arusha, ipo Moshi, ipo kwenye status za WhatsApp za watu ambao juzi tu walikuwa wakiuza viatu vya mtumba. Kopo lina picha ya samaki akiruka majini, maandishi ya dhahabu na orodha ya ahadi: ngozi laini, mikunjo kwisha, magoti kupona, kucha kukua. Ukimpa muuzaji nafasi, itatibu hadi wifi mwenye maneno.

Sina ugomvi na mtu anayetaka kupendeza. Ugomvi wangu ni na hoja inayoanza kupata wafuasi miongoni mwa wajasiriamali wetu na baadhi ya wasomi: kwamba Tanzania ina samaki tele, ngozi na magamba tunayatupa, dunia inanunua poda ya kolajeni kwa pesa nzuri, basi tuanze na poda, tukusanye mtaji, baadaye tupande hadi bidhaa za hospitali. Inasikika kama busara ya mfanyabiashara aliyekomaa. Mimi naona ni njia itakayotupeleka kwingine kabisa, na sababu haiko kwenye uchumi. Iko ndani ya kolajeni yenyewe.

Kolajeni ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini. Hukadiriwa kuwa kati ya asilimia 25 na 30 ya protini yetu yote. Ngozi, kano, mifupa na gegedu vimejengwa kwayo. Molekuli yake ni minyororo mitatu ya asidi amino iliyosokotana kama kamba ya katani, urefu wake nanomita 300 hivi, unene nanomita moja na nusu. Walioupambanua msokoto huo katikati ya miaka ya 1950 ni G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha, wakiwa Madras, India. Kinachoushika usifumuke ni asidi amino mbili, prolini na haidroksiprolini. Mwili hauwezi kuitengeneza vizuri hiyo ya pili bila vitamini C, ndiyo maana mabaharia wa zamani waliokaa miezi bila matunda walitokwa damu kwenye fizi na hata makovu yao ya miaka mingi yakaachia upya.

Nguvu ya kolajeni yote iko kwenye msokoto huo. Ukiichemsha, minyororo inaachana, na unachobaki nacho ni jelatini. Kila anayekunywa supu ya kongoro ameiona: ikipoa usiku, asubuhi imeganda sufuriani. Ile si kolajeni tena, ni kolajeni iliyofumuka. Ukiendelea kuikatakata kwa vimeng'enya unapata vipande vidogo vinavyoitwa peptidi, na hivyo ndivyo vilivyomo kwenye kopo. Molekuli nzima ina uzito wa daltoni 300,000 hivi, daltoni ikiwa ni kipimo cha uzito wa molekuli. Peptidi za poda kwa kawaida ni elfu chache tu. Zinayeyuka kwenye maji, hazina ladha kubwa, zinaingia kwenye juisi bila matata. Kibiashara ni bidhaa safi. Ila kile kilichoifanya kolajeni iwe kolajeni kimeshavunjwa, tena kwa makusudi, na mtengenezaji ndicho alicholipwa kukifanya.

Je, poda hiyo inafanya kazi kwenye ngozi? Ukiila, tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya maharage na nyama, ingawa ni kweli kwamba peptidi chache fupi zimepimwa na kuonekana kwenye damu baada ya kuliwa. Yapo majaribio mengi yanayosema ngozi ilipata unyevu na mnyumbuko. Mwaka 2025 watafiti wa Korea Kusini waliyakusanya majaribio 23 na kuyachambua kwa kumtazama pia mlipaji: yaliyofadhiliwa na kampuni za dawa yalionyesha faida, yasiyofadhiliwa nazo hayakuonyesha. Kuhusu krimu za kupaka, hapo hata mjadala ni mfupi. Ngozi nzima huzuia karibu kila molekuli inayozidi daltoni 500, na kolajeni inazidi mara mamia. Inakaa juu, inalainisha, unaiosha jioni. Mafuta ya nazi yangekutosha.

Basi hapo nimemalizana na kopo. Twende wodini.

Mtoto aliyemwagikiwa uji, chai au maji ya kuoga ni mgonjwa wa kawaida mno katika hospitali zetu, na wenye kifafa walioangukia moto ni wengi kuliko tunavyopenda kukiri. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa moto na vimiminika vya moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka duniani, na sehemu kubwa yao ni katika nchi kama yetu. Wasiokufa hubaki na kazi ndefu ya kupona. Muulize muuguzi yeyote aliyewahi kufanya zamu huko saa ipi anaichukia, atakuambia ni ya kubadilisha bandeji. Krimu nyeupe ya silva salfadayazini inapakwa, chachi inafungwa, kesho au keshokutwa inafunguliwa. Chachi iliyogandamana na kidonda inapobanduliwa inaondoka na ngozi changa iliyoanza kuota. Mtoto analia, mama analia nje ya mlango, na kidonda kinarudi nyuma hatua moja. Kisha inapakwa tena.

Kinachohitajika pale ni kitu cha kufunika: kikae, kizuie vijidudu, kitunze unyevu, kifiche ncha za neva zisiguswe na hewa, na seli za mgonjwa zikikubali zitambae chini yake au ndani yake. Mwili hukitambua kitu kama hicho kikiwa ni kolajeni isiyovunjwa. Seli zinazojenga ngozi hushika nyuzi zake kwa vishikizo maalumu na kutembea juu yake. Chembe sahani za damu zikiigusa zinaamka na kuanza kugandisha damu. Kwenye vidonda sugu, kama vya mguu wa mwenye kisukari, vimeng'enya vinavyokula protini huwa vimezidi na kuharibu kila kinachojengwa. Kolajeni ikiwekwa pale vinaihangaikia hiyo na kuuacha ujenzi mpya upumue. Wanasayansi wa nyanja hii huiita kiunzi, na jina linafaa, maana ikimaliza kazi huondolewa au humezwa na mwili.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1981 Ioannis Yannas wa chuo cha MIT, Marekani, na daktari wa upasuaji John Burke wa Boston walitangaza ngozi ya muda waliyowawekea watu walioungua vibaya. Tabaka la ndani lilikuwa kolajeni ya ng'ombe iliyochanganywa na sukari ndefu iitwayo kondroitini, na kondroitini ile ilitoka kwenye gegedu ya papa. Yaani bahari ilikuwa kwenye kidonda cha binadamu tangu mwanzo kabisa. Bidhaa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1996. Ni nzuri, na kwa bei yake hospitali nyingi za Afrika zimebaki kuisoma vitabuni.

Kwa nini basi kumwacha ng'ombe na kumfuata samaki? Sababu ya kwanza ni ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe uliojulikana Uingereza mwaka 1986 na kuthibitika miaka kumi baadaye kuwa unahusiana na ugonjwa wa ubongo wa binadamu. Tangu hapo kila kitu kinachotoka kwa ng'ombe na kuingizwa mwilini kinatazamwa kwa jicho la pembeni. Nguruwe naye ana virusi vyake vya kuogopwa, hivyo ngozi yake lazima isafishwe kwa kemikali kali zinazoichosha, na juu ya hapo wapo wagonjwa wasiomtaka hata kwa dawa. Moshi na Arusha hilo si jambo la nadharia. Wodi moja ina Mchaga wa Marangu, Mpare Mwislamu wa Ugweno na Mhindi wa mjini asiyegusa ng'ombe. Samaki hawagombanishi. Maradhi yake yanayoweza kumwingia binadamu ni machache, ngozi yake inaweza kusafishwa kwa upole ikabaki na umbo lake.

Hapa sasa ndipo ninapofika penye utamu, na naomba msomaji anivumilie nikae kidogo.

Kolajeni ya samaki si moja. Samaki joto lake ni joto la maji anamoishi, na kolajeni yake imejengwa kulihimili hilo tu. Chewa wa Atlantiki ya Kaskazini (Waingereza humwita cod) anaishi kwenye maji ya baridi. Kolajeni iliyokamuliwa kwake ina prolini na haidroksiprolini kidogo, na msokoto wake unaanza kufumuka kwenye nyuzi joto 15 hivi. Kwa Moshi hiyo ingeachia ikiwa bado kwenye chupa mezani. Ya ng'ombe na nguruwe huvumilia hadi kati ya 37 na 40. Katikati yao, tena karibu zaidi na ng'ombe, wamo samaki wa maji ya moto: sato na jamaa zake wote tunaowaita perege, ambao kolajeni yao huanza kufumuka kwenye nyuzi 32 hadi 36 hivi. Uso wa ngozi ya binadamu una joto la kama 33. Samaki wa Afrika, kwa sababu ya jua la Afrika, ana kolajeni iliyo jirani na yetu.

Waliolitumia hilo ni Wabrazili. Sato alipelekwa Brazil mwaka 1971 kutoka Ivory Coast, akafugwa katika jimbo kame la Ceará, na leo ni samaki wa kila meza kule. Ngozi ilikuwa inatupwa. Kuanzia katikati ya muongo uliopita, daktari wa upasuaji Edmar Maciel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Ceará, mjini Fortaleza, walianza kuijaribu kwa waliioungua, katika nchi ambayo benki za ngozi ya binadamu zilikuwa za kuhesabu. Ngozi ya samaki inatolewa magamba na nyama, inaoshwa kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, inalowekwa kwenye gliseroli inayoongezwa ukali hatua kwa hatua, inafungwa na kupigwa mionzi ya gama. Ikiwekwa juu ya jeraha la moto lisilozama sana, inajishika yenyewe na kukaa kwa siku kumi hivi, bila kufunguliwa kila asubuhi. Chini yake ngozi ya mgonjwa inafunga. Ikikauka inabanduliwa.

Jaribio lao kubwa lilichapishwa mwaka 2021 likiwa na wagonjwa 115, wengine wakifunikwa kwa ngozi ya sato, wengine wakipakwa silva salfadayazini ileile tunayoijua. Faida iliyojitokeza wazi ilikuwa kwenye mambo mawili: maumivu na gharama. Wapo wanaolichukulia jambo hilo kuwa dogo kwa sababu samaki hakufanya muujiza wa kuponya kwa siku mbili. Wanaosema hivyo hawajasimama nje ya chumba cha bandeji. Bandeji chache zina maana ya dawa za usingizi chache, chachi chache, saa za muuguzi zilizookolewa, na kwa familia iliyotoka Simanjiro au Same, nauli chache. (Hata dubu wawili walioungua nyayo katika moto mkubwa wa California mwishoni mwa 2017 walifungwa ngozi ya sato na madaktari wa mifugo, maana bandeji ya kawaida wangeila na kuziba matumbo. Ngozi ya samaki wakiila si neno.)

Kaskazini ya mbali wapo Waaislandi. Kampuni ya Kerecis ilianzia Ísafjörður, mji mdogo wa wavuvi, ikiwa na ngozi ya chewa yuleyule wa baridi. Mtu atauliza: si umesema kolajeni yake inafumuka kwa nyuzi 15? Ndiyo, ikikamuliwa na kuyeyushwa. Wao hawaikamui. Wanaondoa seli za samaki na kuiacha ngozi nzima na nyuzi zake zilivyofungamana, na ngozi nzima huvumilia joto kuliko molekuli iliyo peke yake. Jaribio lao la mwaka 2015, lenye vidonda vidogo 162 kwenye mikono ya watu wa kujitolea, lilikuta ngozi ya chewa inafunga kidonda haraka kuliko utando wa utumbo wa nguruwe unaotumika kwa kazi hiyohiyo. Mwaka 2023 kampuni ya Denmark, Coloplast, iliinunua kwa thamani inayofikia dola bilioni 1.3. Hizo ni pesa za ngozi ya samaki, ile ambayo sokoni Mbuyuni huombwi hata ulipie.

Sasa rudi kwenye hoja ya wajasiriamali wetu. Ngazi wanayoisema, poda chini na hospitali juu, haina vipandio. Kiwanda cha poda kinahitaji joto, vimeng'enya, matangi na mashine ya kukausha. Malighafi inaweza kuwa ngozi, magamba, mifupa, vyote kwa pamoja, hata iliyoanza kunuka kidogo, maana mwisho wa yote inasagwa na kuchujwa. Kiwanda cha kifuniko cha kidonda kinahitaji kinyume chake karibu katika kila hatua: baridi tangu samaki anapotoka majini, kemikali za upole, mikono inayojua kuchuna ngozi bila kuitoboa, na kumbukumbu za kila kipande kimetoka bwawa gani. Mtaalamu aliyekaa miaka kumi kwenye poda amejifunza kuuvunja msokoto. Utamwajirije kuulinda? Iceland nao wanauza poda, ndiyo, lakini aliyetengeneza kifuniko cha kidonda hakuanzia kwenye kopo la urembo.

Hata sheria zetu zinaenda njia mbili. Tangu mwaka 2019 chakula na vipodozi viko chini ya shirika la viwango, TBS, na kilichobaki kwa mamlaka ya dawa, TMDA, ni dawa na vifaa tiba. Poda ya kunywa ni ya huku, kifuniko cha kidonda ni cha kule. Cheti cha kwanza hakikupunguzii hata ukurasa mmoja wa cha pili.

Tuna mfano mwingine wa karibu ambao wenye hoja ya poda wangefanya vizuri kuutazama, nao ni mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara. Wanunuzi wanayagombania Mwanza, bei yake inaishinda nyama ya sangara mwenyewe kwa mbali, yanakaushwa na kupelekwa Asia kwa supu. Bondo ni karibu kolajeni tupu. Zamani Waingereza waliyanunua kwa ajili ya kusafishia bia ikang'ae. Tumekuwa wauzaji wa kolajeni kwa miongo, kwa magunia, na sijasikia bado hospitali hata moja iliyopanda kutoka kwenye mabondo hadi kwenye kidonda. Pesa ilipatikana, ikaenda ilikoenda. Mtaji hauna mwelekeo wake wenyewe.

Mfano wa upande wa pili uko Moshi. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971, na kituo chake cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanza mwaka 1992, kimefundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Madaktari wa pale waliona watu wenye ualbino wakifa kwa saratani ya ngozi inayozuilika. Katika muongo uliopita yakaanza kutengenezwa palepale mafuta ya kukinga jua kwa ajili yao, kwa msaada wa kitaalamu kutoka nje na mikono ya hapahapa. Hayakuanza kama kipodozi cha watalii wanaopanda Kilimanjaro, ingawa soko hilo lilikuwa mlangoni kabisa na lina dola. Yalianza na mgonjwa anayejulikana kwa jina na kijiji, na ndiyo maana yalitengenezwa kwa kipimo cha mahitaji yake. Nikiulizwa kolajeni ya samaki ifuate nyayo zipi, nazionyesha hizo.

Na vifaa vingine je? Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela, yenye wanasayansi wa vifaa na wa biolojia. Himo na Karanga kuna viwanda vya ngozi, na watu hudharau hilo bila sababu: kutengeneza ngozi ya kiatu ni kuzifunga nyuzi za kolajeni zishikane zisioze, kwa kromu. Kromu hatuwezi kumwekea mtoto kwenye kidonda, lakini fundi aliyeshika ngozi mbichi miaka ishirini anajua mambo kuhusu unyevu, chumvi na kuoza ambayo kitabu cha chuo hakiyafiki. Arusha kuna ofisi za Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo ndiyo msimamizi wa matumizi ya mionzi nchini. Hilo si la pembeni. Mashine ya mvuke ambayo kila hospitali inayo ya kuulia vijidudu inafanya kazi kwenye nyuzi 121, na ngozi ya samaki ikiingia humo inatoka supu. Ndiyo maana Wabrazili walikwenda kwenye mionzi ya gama, na hapana kukwepa: anayetaka kazi hii aanze kuzungumza na watu wa mionzi mapema kabla hajanunua hata kisu cha kuchunia.

Mionzi nayo haisafishi kila kitu. Inaua bakteria, lakini mabaki ya kuta za bakteria wengine hubaki na sumu yao, na sumu hiyo ikiingia kwenye kidonda inaleta homa na uvimbe hata kama hakuna kijidudu hata kimoja kilicho hai. Kwa hiyo usafi hauanzii maabara. Unaanzia kwenye barafu ya mvuvi. Perege wengi wa bwawa la Nyumba ya Mungu wanaofika Moshi wamekaangwa au wamekaushwa kwa moshi, na wabichi mara nyingi wamesafiri na jua. Kwa mlo hilo linavumilika. Kwa kidonda, ngozi hiyo imeshakataliwa kabla haijaguswa.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu najua jinsi habari zinavyotembea. Video ya Mbrazili aliyevalishwa ngozi ya sato mguuni imeshazunguka kwenye simu, na haitakosa mtu wa kuchuna perege jikoni na kumbandika mtoto aliyeungua. Asifanye hivyo. Ngozi mbichi ya samaki ina bakteria wa majini, wakiwemo jamaa wa karibu wa kifua kikuu wanaosababisha vidonda sugu vya ngozi kwa binadamu. Jeraha la moto ni mlango uliofunguliwa. Maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kitambaa safi, kisha hospitali. Mtu mwenye mzio wa samaki naye lazima aulizwe kabla, hata kwa kifuniko kilichotengenezwa vizuri, maana kolajeni yenyewe kwa baadhi ya watu huleta mzio. Na jeraha lililozama sana, lililopita ngozi yote, bado linamhitaji daktari wa upasuaji na ngozi ya mgonjwa mwenyewe ya kupandikiza. Samaki hapandikizwi akawa mtu.

Jaribio la hapa halina haja ya kuwa kubwa ili liwe na maana. Wagonjwa wenye majeraha ya kina cha kati, kifuniko cha samaki upande mmoja, krimu na chachi upande wa pili, na kupimwa kwa mambo tunayoyajali sisi: kilio wakati wa bandeji, mara ngapi kidonda kimefunguliwa, dawa za maumivu zilizotumika, siku za wodi, pesa iliyotoka mfukoni mwa familia. Kamati za maadili zipo. Mnunuzi ndiye asiyeonekana. Bohari ya Dawa hununua kilichomo kwenye orodha, orodha huandikwa kwa ushahidi, ushahidi huhitaji bidhaa, na mtengenezaji hatengenezi kisicho na mnunuzi. Hapo ndipo serikali inaweza kuingia kwa gharama ndogo sana, kwa kuahidi tu kwamba kifuniko kitakachofaulu jaribio kitanunuliwa kwa idadi fulani na kwa bei isiyozidi ya krimu na chachi zote ambazo kingeziondoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetupa na kitabu cha mahesabu cha kuiandikia ahadi hiyo.

Samaki mwenyewe, kwa maoni yangu, asitoke Nyumba ya Mungu kwa kuanzia. Bwawa lile limewahi kufungwa ili samaki wapumzike, wanaovuliwa mara nyingi ni wadogo, na ngozi ya perege mdogo haifuniki hata kiganja. Mgongo wa mtoto ungehitaji kushonewa vipande vingi. Kuna pia aina ya perege wa bonde la Pangani walio hatarini kutoweka, na sitaki wapate adui mpya mwenye koti jeupe. Afadhali wafugaji wa mabwawa ya uwanda wa chini, wanaojua walilisha nini na lini, wanaoweza kuvuna samaki wa saizi moja na kuwatia kwenye barafu palepale. Ukiwafuata na habari hii watakusikiliza, kisha watakuuliza unalipa kwa kilo au kwa kipande, na ngozi iliyotoboka ni hasara ya nani.